Makorokoro ya Bi Deki

Makorokoro ni neno ambalo mtu halisemi juu ya vitu vyake. Nimelisikia maisha yangu yote, majumbani, sokoni, kwa watu wanaohama, na sikumbuki aliyesimama katikati ya chumba chake akasema haya ndiyo makorokoro yangu, isipokuwa kwa utani, au kwa kumwomba radhi mgeni aliyeingia bila kubisha. Vya kwako ni vitu. Vya mwenzako ndivyo makorokoro.

Kamusi nilizozifungua zinakubaliana juu ya maana yake, vitu vingi vya hapa na pale visivyo na thamani kubwa, lakini hakuna iliyoniridhisha kuhusu lilikotoka. Ninachokiona mwenyewe ni kwamba Kiswahili kikifika kwenye vurugu za nyumbani hakitosheki kusema mara moja. Takataka. Ovyoovyo. Mazagazaga. Shaghalabaghala. Ni kama ulimi nao umejikwaa kwenye kitu sakafuni, na kabla haujasimama vizuri ukajikwaa tena.

Aliyenipa asili ya makorokoro ni shangazi yangu, na hakuitoa kitabuni. Sijui kama ni ya kweli. Yeye hakujali.

Shangazi alikuwa mfagizi. Aliingia kazini katika jengo moja la ofisi akiwa msichana, akatoka amestaafu, na miaka yote hiyo alipandisha ndoo yake ngazini kabla wenye meza hawajafika. Walimwita Bi Deki. Nadhani mwanzoni ilikuwa dhihaka ya makarani, lakini yeye alilipokea jina hilo kama zawadi, akalileta mpaka nyumbani, na sisi watoto wa kaka yake tukakua tukidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Mikono yake ilinukia sabuni ya unga na nta ya sakafu. Ukimkumbatia ulijihisi umeingia kwenye korido iliyopigwa deki sasa hivi.

Nyumba yake ilikuwa kama kioo. Mumewe alifariki mapema, akamwachia watoto wawili, mvulana na msichana, na hao aliwalea kwa ufagio, si kwa kuwapiga nao bali kwa kuwashikisha. Jumamosi ilikuwa siku ya kutoa vyote nje. Viti, masanduku, magodoro, sufuria, kila kitu kilikaa uani kikipigwa jua huku ndani kunamwagwa maji. Kisha vilirudi, viti mgongo ukutani, sufuria kubwa chini na ndogo juu. Yule msichana, ambaye siku hizi ni msusi mwenye saluni yake, husema alijua kupanga sufuria kabla hajajua kuhesabu. Kwao kusafisha haikuwa kazi tu. Ndivyo walivyopendana. Mama yao hakuwa mtu wa maneno matamu. Ukiugua, alikuja kukubadilishia shuka.

Kazini alikuwa na sheria nyingine kabisa, na aliyeijua zaidi ni mwanawe wa kiume, kwa sababu wakati wa likizo za shule alikuwa akimchukua waende wote, anampa kitambaa chake kidogo. Mezani pa mtu hupangi. Unanyanyua, unapangusa, unarudisha palepale. Iwe karatasi iliyokunjwa, iwe kikombe kilichoota ukungu, iwe kalamu isiyoandika tena. Kulikuwa na bosi mmoja ambaye meza yake, kwa maneno ya shangazi, kuku angetaga juu yake asilione tena yai lake. Mfagizi mpya akaionea huruma, akaipanga ikapendeza. Kufika mchana bosi hajui hata miwani yake iko wapi, na yule mama wa watu akahamishiwa vyooni. Shangazi alipomaliza kisa hicho alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamalizia kwamba fujo ya mtu ina mwenyewe.

Basi ndiyo maana nyumba yake ilipoanza kuharibika, hakuna aliyeelewa.

Alikuwa amestaafu, watoto wana miji yao, anaishi peke yake. Mambo yalianza kidogokidogo, kiti kimoja kikaacha ukuta, kisha cha pili, mpaka siku moja ukiingia mguu wako ukakutana na sufuria kuukuu iliyobonyea, imelala kando ya kizingiti kama mbwa mzee. Viti vilikuwa vimesogea katikati ya sebule, kimoja hapa, kingine pale. Ujia wa kwenda chumbani ulijaa marundo ya magazeti yaliyofika magotini. Mlangoni pa chumba cha kulala palikuwa na kopo la vifungo, mlangoni pa jikoni kopo la misumari. Kamba ilikatiza sebuleni, imetundikwa koti la sufu la marehemu, taulo na gunia tupu. Na kwenye mlango wa nyuma, penye ngazi ya kushukia uani, ilikaa kreti ya chupa tupu ambazo hakuna aliyejua nani alikunywa.

Mwanawe alikuwa wa kwanza kulitamka neno lenyewe. Ni karani wa bima, mtu wa kunyoosha tai hata Jumapili. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja ndani na kimoja nje.

"Mama, makorokoro yote haya ya nini?"

"Ya kukuzuia usiniingilie na viatu."

Alicheka, lakini hakupendezwa. Watu wa mtaa nao walikuwa na yao. Walisema Bi Deki amestaafu na ufagio wake pia. Sisi wa nyumbani tulinong'ona kwamba labda akili imeanza kumruka, maana mtu aliyekuwa akiona vumbi kabla halijatua hawezi hivihivi akalala kati ya magazeti. Mwanawe akatoa uamuzi wake mbele ya sote, kwa upole, kama anavyowaeleza wateja wake masharti. Siku mama atakaposhindwa kujitazama, atahamia kwake. Kwake ni ghorofani, juu kabisa, hakuna ua wala jirani wa kuitana naye ng'ambo ya ukuta.

Shangazi hakubishana naye. Aliniambia mimi, tulipobaki wawili, kwamba kule kwa kaka yako nitakuwa kama chombo cha maua, nitapanguswa na kurudishwa palepale. Nilimwona anaogopa, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Alitaka kufia kwenye nyumba ambayo anakwenda jikoni mwenyewe bila kumwomba mtu.

Siku hiyo hiyo nikamtania kidogo nimwondolee huzuni. Mimi ni mwalimu, na nilimwambia neno la mwanawe linanisumbua, silijui lilikotoka. Akaniuliza nimesoma yote niliyosoma na hilo sikufundishwa? Alikuwa amekaa kitini. Bila kuinama, bila hata kugeuza kichwa, alinyoosha mguu akalisukuma kopo la vifungo. Koro, koro, koro.

"Si hilo linajitaja lenyewe? Kitu kikiwa kabatini ni bubu, mwanangu. Kikiwa chini ukakigusa, kinakwambia kipo."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya Bi Deki tu.

Mwaka jana alikuja kulala kwangu siku chache. Nakaa karibu na hospitali kubwa, lakini yeye alisema amekuja kumjulia hali mfagizi mwenzake wa zamani, na asubuhi alitoka na mkoba wake akarudi mchana, kimya. Wakati huo msusi alichukua ufunguo kwa jirani. Alifunga saluni. Akawaleta wasichana wake wa kazini na ndoo na brashi, na mtu wa mkokoteni, na wakafanya kama alivyofundishwa na mama yake tangu utoto. Walitoa vyote nje. Walisugua sakafu, wakapaka nta. Magazeti, magunia, kreti ya chupa na kila kilichoonekana hakina kazi kilipakiwa kwenye mkokoteni kikaenda zake. Vilivyobaki vilioshwa vikaingizwa kabatini, na viti vikarudi ukutani. Baadaye aliniambia kwamba alipomaliza alikaa sakafuni akalia kwa furaha, maana aliona amemrudisha mama yake.

Nilimsindikiza shangazi nyumbani mwenyewe. Njia nzima alinishika mkono, kama shangazi anavyoweza kumshika mtoto wa kaka yake, na sikuona ajabu. Mlangoni akauachia. Alikuwa kwake. Msusi alikuwa amesimama ndani, gauni limelowa mapajani, anatabasamu kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule. Sakafu ilimeremeta hadi ungeliona dirisha ndani yake.

Shangazi alivusha mguu kizingitini, akausogeza kushoto, pale ilipokuwa sufuria. Mguu haukugusa kitu. Akaurudisha. Akausogeza tena, mbali zaidi.

"Karibu nyumbani, mama," msusi alisema.

Uso wa shangazi uligeukia ile sauti. Harufu ya nta ilikwisha kumfikia, na nadhani alielewa yote palepale. Alisema pamependeza. Alimshukuru binti yake, akasema hiyo ni kazi ya watu wengi. Kisha akatembea, kichwa juu, zile hatua alizozizoea, akageuka, akapapasa nyuma yake kwa mkono mmoja, na kabla mkono haujapata kitu akakaa. Hapakuwa na kiti.

Msusi alicheka. Walizoea kutaniana katika nyumba ile, akadhani mama yake anamchezea. Kicheko kikakatika chenyewe. Shangazi alikuwa sakafuni, miguu imenyooka mbele, kiganja kinateleza juu ya nta, kulia, kushoto, kinatafuta pa kushika.

"Mama. Mama, hunioni?"

"Nakusikia."

"Sikuuliza hivyo."

Tulimwinua shangazi tukamweka kitini, ukutani, na hapo akatueleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza jinsi ya kuondoa doa. Ni presha ya macho. Ilianza kumla pembeni. Mwanzo alikuwa anaona dunia kupitia dirisha, kisha kupitia tundu la ufunguo, na daktari wa hospitali ile aliyokuwa akiiendea kwa siri alimwambia kilichokwenda hakirudi. Akampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Basi alianza kuvuta viti, ili mkono ukiacha mgongo wa kimoja upate mgongo wa kingine. Magazeti yalimwongoza ujiani kwa magoti. Sufuria ilimwambia mlango, vifungo chumba cha kulala, misumari jikoni, kwa sababu misumari ina sauti nzito kuliko vifungo. Koti la marehemu likimgusa bega alijua amefika katikati. Na chupa zilimwambia mbele yako kuna ngazi.

"Kwa nini hukusema?" msusi aliuliza.

"Ningesema, leo ningekuwa ghorofani."

Kisha akamshika mkono. "Kaka yako asijue. Ukinipenda, asijue."

Msusi akajifuta uso kwa pindo la gauni, akafungua kabati. Jioni ile ilikuwa Jumamosi zao kinyumenyume. Mama alikaa kitini akielekeza, binti akitoa. Hapana, si hapo, rudi nyuma, mgongo wa kiti uelekee dirishani. Sufuria isikae wima, ilale. Mimi nilifunga kamba. Tulifanya kazi bila maneno mengi, na nilikuwa nikijiuliza tungewezaje kupanga kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukitazama. Fujo mtu huiona mara moja tu, kwa jumla, akageuza macho. Bila yeye tusingejua lolote. Na hata kwa maelekezo yake, vilivyokwenda na mkokoteni vilikuwa vimekwenda. Badala ya magazeti tuliweka maboksi. Badala ya kreti, msusi aliweka ndoo ya plastiki mlangoni pa nyuma, akaitia mawe.

Ndoo ni kitu cha kazi. Hilo hatukulifikiria, na shangazi naye, mtu wa ndoo maisha yake yote, hakulifikiria. Kreti ya chupa tupu hakuna anayeigusa, lakini ndoo mtu huiona ndoo. Mke wa jirani alipita uani akiwa na nguo zake, akaona ndoo nzuri imejazwa mawe bure, akayamwaga pembeni akaiazima, kama walivyokuwa wakiazimana siku zote. Alikuwa na nia ya kuirudisha mchana. Shangazi aliufuata mlango kwa mguu akitafuta sauti, na mahali pa sauti palikuwa na hewa.

Nyonga iliyovunjika pale ngazini haikupona vizuri. Hospitalini mwanawe aliambiwa yote, kuhusu mguu na kuhusu macho, na hakugomba. Alikwenda koridoni akasimama huko muda mrefu, mgongo kwetu, akinyoosha tai. Kisha akarudi akasema anamchukua mama. Kila alilotaka kusema msusi lilianzia kwenye ile nta.

Hakuna aliyemtendea shangazi ubaya kule ghorofani. Afadhali angekuwepo, ningepata wa kumkasirikia. Mkamwana wake ni mwanamke mpole, mwenye mikono safi, aliyemwogesha na kumkata kucha na kumtafutia kiti kizuri chenye mto, kikawekwa dirishani, mgongo ukutani. Daktari alisema sakafu iwe wazi mgonjwa asijikwae, na sakafu ilikuwa wazi kama uwanja. Shangazi alikuwa na gongo la kutembelea lakini hakujua pa kulipeleka. Akitaka choo aliita. Akitaka maji aliita. Baadaye akaacha kutaka maji, ili asihitaji choo.

Kitu kimoja tu alichoomba kitoke kwake ni kopo la vifungo. Nilipokwenda kumtembelea, mkamwana alinivuta jikoni akaninong'oneza kwa wasiwasi wa kweli. Mama ameanza tena. Analiweka kopo sakafuni mwanzo wa ujia. Juzi aliweka kijiko, jana kiatu. Yeye anaviokota, anaviweka rafuni, na kesho yake anavikuta tena chini. Ataanguka mara ya pili, alisema, na watu watasema sikumwangalia. Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza vizuri sana, akasema ndiyo, lakini daktari.

Msusi alikuja mchana huo pia. Tulikaa naye sebuleni, tunazungumza mambo ya saluni, na shangazi anaitikia kwa heshima, uso wake umeelekea mahali kati yangu na msusi ambapo hapakuwa na mtu. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku hizo. Unaongea naye, naye anaongea na ukuta ulio kando yako.

Mwanawe akarudi kutoka kazini. Aliingia kwa haraka, mkoba mkononi, na mwanzo wa ujia kiatu chake kikapiga kopo.

Koro, koro, koro.

Shangazi aligeuka. Uso wake ulikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, hasa pale aliposimama, kama mtu anayeona.

"Umeniingilia na viatu," alisema.

Mkamwana alikuwa amekwisha kutoka jikoni mkono mbele. Alimwambia mumewe amletee kopo aliweke rafuni, haya makorokoro ya mama yatamvunja mtu mguu. Mumewe aliinama akaliokota kopo. Alilishika, akalitazama, kisha akamtazama mama yake, ambaye uso ulikuwa bado kwake, unasubiri, na polepole unaanza kupotea tena kwa kuwa hakuna sauti. Nikamwona anatoa kitambaa mfukoni. Akalipangusa kopo, juu na pembeni, taratibu, kama kuna bosi atakayekuja kukagua. Akachuchumaa na tai yake, akalirudisha sakafuni.

"Hapa, mama?"

"Kushoto kidogo."

Akalisogeza.

"Hapo hapo."

Alibaki amechuchumaa. Bila kumtazama mkewe alimwambia, "Si makorokoro. Ni vitu vya mama. Unanyanyua, unapangusa, unarudisha palepale." Mkewe, ambaye hakuijua sheria hiyo wala ilikotoka, aliitikia tu kwa kichwa.

Msusi akainuka akakivuta kiti cha karibu, akakitoa ukutani. Shangazi alikisikia kinavyoburuzwa. Akashika gongo, akasimama kwa shida, na hakuna aliyethubutu kumshika. Mkono wake ulipata mgongo wa kiti. Akapita. Gongo likapata kopo, kopo likasema, akajua yuko mwanzo wa ujia.

Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Ujia ulikuwa mrefu, safi, unameremeta mpaka mwisho. Alisimama kando ya kopo lake, mkono hewani, akisikiliza.